Abiria wa Pikipiki ya Mzee Nzioka

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mimi, kwa macho haya haya, tena nikayabeba mgongoni kutoka drifti, kivuko cha mto Kaiti, hadi boma la watu karibu na Wote, na mgongo wangu haujasahau mpaka leo. Mimi ni mtu wa kanisa. Ukija Jumapili utanipata benchi la pili, na mchungaji wetu anakijua kisa hiki, ingawa hapendi nikisimulie mbele ya watoto. Basi wewe nisikilize kwanza, halafu uamue mwenyewe kama mtu wa umri wangu anaweza kukaa chini atunge kitu kama hiki.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimefanya kazi Nairobi kwenye karakana ya matangi ya maji ya faibaglasi, na karakana ilipofungwa nikarudi kwetu Kathonzweni na ufundi wangu kichwani. Faibaglasi unaijua? Ni kitambaa cha nyuzi za kioo. Unachonga umbo lako kwa mbao na udongo, unalipaka nta ili kitambaa kisishike, unakilaza juu yake, kisha unapaka resini, gundi nzito, iliyochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha. Inanuka mpaka macho yanatoa machozi. Inapata moto yenyewe, halafu inakauka na kuwa ngumu kama mfupa. Na ikishakauka imekauka. Hubonyezi, hukunji. Ukiigonga sana itapasuka, lakini kubonyea kama unga uliokandwa, hapana. Nakwambia hivi ili ujue kwa nini niliogopa mapema kuliko watu wengine.

Siku moja niliitwa Nunguni, kule milimani, nikazibe tangi lililopasuka kwa mzee mmoja aliyeitwa Nzioka. Alikuwa bwana shamba zamani, amestaafu, mke amekufa, anaishi peke yake na mbuzi. Mtu mpole sana, wa maneno machache. Nilipoingia kwenye banda la mbuzi kutafuta mahali pa kuchanganyia resini, nikaona pikipiki. Pikipiki ya Kiingereza, ya zamani kabla ya uhuru, imeegemezwa ukutani. Tangi la mafuta limeliwa na kutu, madigadi zimebaki vipande, mahali pa kiti kuku ametagia. Lakini injini ilikuwa nzima! Nilipiga magoti palepale kwenye samadi nikaanza kuifuta kwa shati langu.

Niligeuka nikamkuta mzee amesimama mlangoni.

"Unaitaka?" akaniuliza.

"Mzee, nani hawezi kuitaka hii?"

Akatazama kando. Halafu akasema, "Ichukue. Sitaki kitu. Lakini usiilete tena huku."

Nilicheka. Nilidhani anasema kama mtu anayeachana na kitu alichokipenda. Wewe ungedhani nini?

Basi nikaileta nyumbani juu ya lori la mchanga, na mke wangu Mutheu akaizunguka mara moja akaniuliza kama tumeanza kununua mifupa. Mutheu ni nesi, na si mtu wa kuogopa vitu. Damu anaiona kila siku. Naomba ulikumbuke hilo.

Kazi ya injini niliimaliza bila shida kubwa. Nilisafisha kabureta, nikatafuta plagi, nikasuka spoki upya, nikabadilisha nyaya zote. Mwili ndio nilitaka uwe wangu. Nilikuwa nimeona Nairobi zile pikipiki za mashindano, zenye kiti cha mtu mmoja na mkia ulioinuka nyuma kama wa nge. Nikasema yangu itakuwa hivyo. Tangi la faibaglasi, madigadi za faibaglasi, na mkia. Nyekundu yote.

"Na mimi nitakalia wapi?" Mutheu akauliza.

"Wewe nitakutengenezea yako."

"Muongo wewe."

Mkia wa kwanza niliumwaga Jumamosi, nikaupiga msasa jioni mpaka vumbi lake likaniwasha mwili mzima, nikaufunga kwenye fremu. Tuliporudi kutoka kanisani kesho yake nikaukuta umebonyea. Pale juu, mahali palipoinuka, pamekuwa bonde. Nikasema hadena ilikuwa kidogo, au imezeeka dukani, jua limeilainisha. Nikaung'oa. Nikamwaga mwingine, mnene zaidi, hadena nikaipima kama daktari. Ulikauka nikaupiga kwa nyundo ya mbao, ukalia kama debe. Asubuhi ulikuwa umebonyea tena.

Haukuwa na ufa hata mmoja. Ulikuwa laini, umeshuka pande mbili, kama godoro ambalo mtu mzito ameamka sasa hivi. Nilimwita Mutheu. Akapitisha kiganja chake humo ndani, taratibu, kama anavyopapasa tumbo la mgonjwa.

"Hapa ameketi mtu," akasema.

"Nani?"

"Sijui. Lakini ni mtu mzima."

Nikacheka tena, lakini hicho kicheko nilikitafuta. Nikajaza lile bonde kwa kitambaa na resini, nikasawazisha, nikapaka rangi nyekundu. Safari hii ukakaa. Nikajiambia basi, yameisha.

Siku ya kwanza kuipanda nilienda sokoni Kathonzweni. Ni siku ya soko, watu wamejaa, nami nikapita polepole ili nionekane vizuri. Watoto wakakimbia nyuma yangu. Nikasimama kwa mama mmoja anayetuuzia ndengu siku zote. Alinisalimia, halafu akaangalia nyuma ya bega langu.

"Mbona mgeni wako hasalimii watu?"

Nikageuka. Hakuna mtu. Nikadhani ananitania kwa sababu ya kile kiti cha mtu mmoja, nikamjibu mgeni wangu ni bubu. Akashangaa kidogo, akanipimia ndengu.

Nikapita kwa yule bwana anayeuza petroli kwa madebe. Akajaza tangi kwa mrija, kichwa chini. Alipoinua kichwa akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kuuliza, "Huyo wako ameumia mguu? Mpeleke kwa mama Mutheu amwangalie."

Nilikanyaga kikanyagio nikaenda nyumbani, na njia nzima sikugeuka nyuma, kwa maana sasa nilihisi uzito wake. Kila nilipokata kona, pikipiki ilichelewa kuinama. Wewe ambaye umewahi kubeba mtu kwenye pikipiki unajua ninachosema. Mtu asiyezoea kubebwa hainami pamoja nawe. Anakaa wima, anakuvuta.

Nilipoingia bomani Mutheu alikuwa anatoka jikoni na vikombe viwili vya chai. Vyote viwili ni vya wageni. Akasimama katikati ya uwanja.

"Ameenda wapi?"

"Nani?"

"Uliyekuja naye. Alikuwa amekushika kiuno."

Mutheu akaviweka vikombe chini polepole, chai isimwagike, akanitazama machoni. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Kesho nenda Nunguni umuulize yule mzee alikupa nini," akasema. "Na leo hicho kitu hakitalala karibu na nyumba yangu."

Tukakisukuma wawili mpaka mwisho wa shamba, tukakiacha kwenye mbaazi.

Ni kweli mzee alinikataza kuirudisha. Lakini nitoke Kathonzweni mpaka Nunguni kwa miguu? Tena nilitaka aione. Nilitaka aniambie usoni kwamba hajui lolote. Nikatoka mchana. Barabara ilikuwa ya vumbi, ukame umebana, mito yote ni mchanga mtupu. Nilivuka drifti ya Kaiti, ile sakafu ya zege inayolala chini kabisa kwenye mchanga, nikapanda milima mpaka kwenye baridi na ukungu.

Mzee Nzioka alikuwa ameketi uwanjani anapukuchua mahindi. Alisikia mlio kabla hajaniona, na nilipotokea kwenye kona alikuwa tayari amesimama, mahindi yamemwagika. Hakuniangalia mimi hata kidogo.

"Asishuke!" akasema. "Mwambie asishuke hapa kwangu!"

"Mzee, nani huyo? Niambie tu—"

"Mwambie asishuke!"

Akaingia ndani akafunga mlango kwa komeo. Niligonga. Nilibembeleza. Nilimsikia upande wa pili akilia, kilio cha mzee, kile ambacho hakina sauti, ni pumzi tu. Nikasimama pale mpaka jua likaanza kuinama, nikaona sina la kufanya ila kurudi.

Sasa hapa ndipo.

Nilipofika driftini jua lilikuwa limetua lakini mwanga bado upo, ule mwanga wa kijivu ambao unaona kila kitu ila rangi. Katikati ya ile zege injini ikazimika. Haikukohoa, haikuvuta. Ilizimika tu, kama mtu amefunga ufunguo. Nikaangalia petroli, ipo. Nikafungua plagi, safi. Nikiwa nimeinama hivyo nikasikia mtu anachimba mchanga.

Kwetu hilo si jambo geni. Mto ukikauka watu huchimba visima mchangani, wanateka maji kwa kibuyu. Nikainua kichwa nikaona mwanamume kijana, amepiga magoti chini ya drifti, anachimba kwa mikono. Nikafurahi. Unajua furaha ya kumwona mtu mahali pabaya? Nikamsalimia nikamwomba anisaidie kusukuma.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimepoteza kiatu."

Nikamwangalia miguu. Mmoja ulikuwa na kiatu cheusi cha ngozi, cha mtu aliyetoka sokoni amevaa vizuri. Mwingine ulikuwa mtupu, na umegeuka upande ambao mguu haugeuki.

Nikabaki na plagi mkononi.

"Mwenzako amefika?" akaniuliza.

"Mwenzangu gani?"

"Aliyenibeba. Bwana shamba. Aliniambia nimngoje hapa, anaenda kuita watu waje wanibebe." Alisema bila hasira, kama unavyomuuliza mtu habari ya gari. "Nimengoja. Sasa huko juu mvua inanyesha, naisikia. Wewe huisikii?"

Mvua? Hakukuwa na wingu hata moja. Lakini nilipoangalia lile shimo alilokuwa akichimba, niliona maji. Si maji yaliyotulia ya kisima. Yalikuwa yanapita. Maji ya udongo, mekundu, yanakimbia mle shimoni kwa kasi kutoka upande wa milima, na mchanga pande zote ni mkavu.

Nilijaribu kuomba. Nakwambia kweli, hata jina la Yesu liligoma mdomoni. Nikajikuta ninasema, "Kwenu ni wapi?"

"Hapo mbele tu, kabla ya Wote. Mama atakuwa ananigombeza, nimechelewa kidogo." Akanitazama. "Mwambie ni Kyalo. Nitakalia wapi? Mahali pangu umepaziba."

Sikumwona akiinuka. Nilijirusha juu ya pikipiki nikapiga kikanyagio, na injini ambayo haikuwa hata na plagi ndani yake, plagi niliyokuwa nayo mkononi, ikawaka. Nyuma yangu ule mkia wa faibaglasi ukalia, kra, kama mti unaokatika. Pikipiki ikashuka kwa uzito. Kisha mikono miwili ikanizunguka kiuno.

Ilikuwa baridi, ndiyo. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba ilikuwa mikono ya mtu mwoga. Alinishika kama anayeogopa kuangushwa tena.

Sijui niliendeshaje. Giza liliingia, taa yangu ndogo inarukaruka njiani, na kila baada ya muda ile sauti inakuja kwenye sikio langu, "Taratibu hapo," au, "Kata kushoto." Nikakata kushoto. Nikapita katikati ya mashamba, nikafika kwenye boma moja lenye ua wa miiba, na pale kwenye lango mikono ikaachia. Uzito ukatoka. Injini ikanyamaza.

Mama mmoja mzee akatoka na koroboi mkononi.

"Nani huyo?"

"Mwaitu," nikasema, maana kwetu ndivyo tunavyomwita mama wa watu kwa heshima, "mimi ni fundi wa matangi."

"Sikuita fundi."

"Mwaitu, una mtoto anayeitwa Kyalo?"

Aliinua koroboi anione vizuri. Jina lake niliambiwa baadaye, Kalondu. "Ninaye," akasema. "Yuko Mombasa. Alienda soko la Nunguni hakurudi, watu wakaniambia wamemwona Mombasa ameoa huko. Ametuma nini?"

Ametuma nini! Ungejibu nini wewe? Nikakaa chini palepale kwenye mavumbi nikamwambia yote. Sikupunguza neno. Mguu, kiatu, maji, yule bwana shamba. Alisikiliza amesimama, na moto wa koroboi haukutikisika hata mara moja mkononi mwake.

"Alikuwa analia?" akauliza mwishowe.

"Hapana, mwaitu. Alikuwa anauliza tu."

Akatikisa kichwa. "Lala hapa. Kesho utanipeleka kwa huyo mtu."

Asubuhi nilipoangalia pikipiki, mkia ulikuwa umepasuka wote, umelala bapa, pamekuwa mahali pazuri pa kukaa mtu. Mwaitu Kalondu akakunja leso yake akaitandika hapo, akapanda bila kusaidiwa. Plagi niliirudisha mahali pake.

Mzee Nzioka tulimkuta ameketi mlangoni, mlango wazi, amevaa koti. Nadhani hakulala. Mwaitu alisimama mbele yake akasema neno moja tu: "Sema."

Akasema. Pikipiki ilikuwa ya serikali wakati ule, haikuruhusiwa kubeba abiria. Alimhurumia kijana anayetembea na njia ni ndefu, akampakia. Waliteleza driftini wakaanguka, pikipiki ikamlalia kijana, mguu ukavunjika, na mawe yakaubana. Alishindwa kumtoa peke yake. Akamwambia angoje. Akaiinua pikipiki, akapanda nayo kilima akafika kwenye maduka, na hapo mlangoni pa duka, kabla hajafungua mdomo, akafikiria kazi yake. Mvua ikaanza. Akaagiza chai. Akasema moyoni atakunywa hiyo chai huku anatafuta maneno ya kusema. Alipoyapata na kushuka, aliyasikia maji kabla ya kuyaona.

"Maji yalipopungua nilimpata chini ya mgunga," akasema. "Nikamzika mwenyewe. Hiyo pikipiki ilipouzwa niliinunua mimi, kila mtu akanicheka, ni chuma kibovu. Sikutaka mtu mwingine aipande, mpaka nilipochoka kuishi nayo nikampa huyu fundi."

Tulienda na naibu wa chifu na wazee, akatuonyesha ule mgunga. Walichimba wakampata. Kiatu kilikuwa kimoja.

Kyalo akazikwa kwao, kwa nyimbo, mchungaji akaomba. Halafu wazee wakakaa kuuliza mama anataka nini. Watoto wa Nzioka walikuwa wamekuja kutoka mbali, wako tayari kutoa mbuzi, ng'ombe, chochote. Wengine wakasema apelekwe polisi. Mwaitu Kalondu akasema hataki mbuzi, na polisi hawatamrudishia mtu.

"Akae pale driftini," akasema. "Nitamwambia aningoje."

Watu wakatazamana. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeanza, mawingu yamelala juu ya milima ya Kilungu kila alasiri. Mtoto mkubwa wa Nzioka akaruka kukataa, lakini mzee mwenyewe akainua mkono. "Nitangoja," akasema.

Nilimpeleka mimi. Aliketi juu ya zege, magoti pamoja, kofia mkononi. Mwaitu akasimama juu yake akasema polepole, kila neno peke yake, "Ngoja hapa. Naenda kuita watu." Akawakataza watoto wa mzee wasimfuate baba yao, akapanda nyuma yangu tukaondoka.

Tulipofika kwake akawasha moto akapika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Akanipakulia. Mimi sikugusa changu, lakini yeye alikula, anatafuna taratibu, macho yako motoni. Radi ikalia upande wa milima. Ikalia tena.

"Mwaitu," nikasema, "mvua inanyesha Kilungu."

"Naisikia."

Akaosha sahani. Akaipangusa. Akaitundika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiwaza kama nitaenda mwenyewe, na je, nina haki gani ya kwenda?

"Unafikiri bado yuko pale?" akaniuliza.

"Yuko."

"Hakukimbia?"

"Hawezi kukimbia, mwaitu."

Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu anayetua mtungi aliobeba kutoka mbali. Kisha akafunga leso kiunoni.

"Twende."

Sijawahi kuendesha hivyo tena maishani. Tulipofika kwenye mteremko tukayasikia, ule mngurumo wa maji yanayokuja na mawe. Mzee Nzioka alikuwa vilevile tulivyomwacha, magoti pamoja, na maji mekundu yameshafika juu ya vifundo vya miguu. Hakuwa akiangalia maji. Alikuwa anaangalia njia. Mwaitu Kalondu akashuka, akaingia majini na viatu vyake, akamnyooshea mkono.

"Nimerudi," akasema.

Tulimvuta wawili. Hatukuwa tumefika juu ya ukingo wakati drifti yote ilipofunikwa, na shina la mti likapita pale alipokuwa ameketi. Wale wazee wawili walikaa kwenye nyasi, wamelowa, wanahema, na mvua ikatunyeshea wote watatu.

Mzee Nzioka alikufa kitandani kwake mwaka uliofuata, na Mwaitu Kalondu alikuja kwenye mazishi akakaa mbele pamoja na wafiwa. Yeye pia ameshatangulia. Hakuna aliyemwona abiria tena nyuma yangu, si sokoni, si kwa petroli. Lakini hapa kiunoni, pande zote mbili, pana mahali pawili ambapo pamekufa ganzi. Daktari mmoja amepachoma sindano sikusikia. Miezi ya baridi Mutheu hunikanda kwa kitambaa cha moto.

Hiki kisa sikusimulii ili uogope mito. Aimu, mizimu ya wafu, wapo au hawapo, hilo muulize mchungaji wako. Nakuonya jambo moja tu, tena jepesi, kila mtu hulisema kila siku bila kufikiri. Ukimwambia mtu, "Ningoje hapa, nakuja," basi rudi. Umechelewa, rudi. Umeona haya, rudi na haya yako. Usijidanganye kwamba ataona giza limeingia aende zake. Kuna watu hawajui kuacha kungoja.